Sura ya Tisa: Herufi Iliyoachwa Wazi

Rebecka alizima taa zote za ukumbi, akabaki na moja ya mkononi. Aliishika kando ya ubao ili mwanga upite juu ya rangi kwa ubavu.

"Hivi?"

"Shusha kidogo. Hapo hapo," alisema Mwatumu.

Ubao ulikuwa mrefu kuliko mlango uliolazwa. Maneno mawili yaliujaza, herufi kubwa nyekundu juu ya weupe: ASANTENI MLIONISINDIKIZA. Herufi ya mwisho, A, haikuwa na rangi. Ilikuwa mistari ya penseli tu, na ndani yake mishale midogo.

Inspekta Mwatumu Idd wa kitengo cha makosa ya kughushi alizaliwa Stockholm, lakini wazazi wake walitoka Tanga, na Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Ndiyo maana faili hili lilitua mezani kwake. Marehemu Method Kaijage alikuwa mwandika mabango. Kwa miaka mingi aliandika kwa brashi majina ya vinyozi, maduka ya vyakula na mafundi simu wa kitongoji cha Tensta, mpaka watu wa sanaa wakaanza kupanda treni kwenda kuyapiga picha maandishi yake. Sasa Rebecka, msimamizi wa ukumbi huu wa maonyesho katikati ya jiji, alikuwa amempa chumba kizima. Maonyesho yangefunguliwa Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Niambie tena habari za rangi."

"Kiwanda kilibadilisha mchanganyiko Januari," alisema Rebecka. "Maabara wamethibitisha kwamba hii ni ya mchanganyiko mpya. Method alilazwa hospitali kabla ya Krismasi, mkono wake wa kushoto ukiwa hauna nguvu tena, na huo ndio aliokuwa akiandikia. Februari akafariki. Hakutoka hospitali hata siku moja. Na Dativa, mkewe, ametia sahihi kwamba mumewe aliumaliza ubao huu mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umepakwa na mtu mwingine, na mjane ama ametudanganya ama amedanganywa. Bodi yangu inataka kufunga chumba chote. Ubao mmoja ukiwa wa kughushi, nani ataziamini kazi nyingine? Nampenda yule mama, Mwatumu. Lakini nisipopata jibu kufikia kesho jioni, bodi itampeleka kwa mwendesha mashtaka."

Mwatumu alisogea karibu na ubao. Alipiga magoti. Katika maneno yale mlikuwa na I sita, akazitazama moja baada ya nyingine. Umbo lilikuwa la mkono mmoja: kichwa kipana kidogo, kiuno chembamba, mguu uliokanyaga sawasawa. Lakini michirizi ya brashi ndani ya rangi ilisema jambo jingine. I ya kwanza ilipakwa kutoka juu kwenda chini. Iliyofuata, kutoka chini kwenda juu. Nyingine ilipakwa kwa kukatisha, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. K ilikuwa imechuruzika.

"Ukitaka kughushi sahihi ya mtu mara sita, utaibadilisha kila mara?"

"Ningejitahidi zifanane."

"Aliyepaka hapa hakujitahidi kufanana na mtu yeyote."

Kwenye N ya kwanza ya neno la kwanza, mwanga ulinasa kitu. Uzi mfupi wa njano ulikuwa umezama ndani ya rangi.

"Unywele wa brashi?" aliuliza Rebecka.

"Uzi wa kushonea." Mwatumu aliupiga picha, kisha akaigeukia A tupu. "Na hii?"

"Ishara ya kisanaa. Kwenye katalogi tumeandika kwamba herufi tupu ni kifo, na mishale ni njia ya roho."

"Mnayo ile kamera inayoona chini ya rangi?"

Rebecka aliileta. Waliipitisha polepole juu ya ubao, herufi kwa herufi, na kwenye kioo penseli ikajitokeza chini ya wekundu. Kila herufi ilikuwa na mishale yake, na kila mshale ulikuwa na namba.

"Roho hii ina njia nyingi," alisema Rebecka kwa sauti ndogo.

*

Dativa alifungua mlango wa nyumba yake ya Tensta akiwa amevaa sweta la mumewe. Alikuwa mtu mzima, mhudumu wa wazee katika nyumba ya kulelea, na alizoea kumtazama mtu usoni kwanza kabla ya kusema.

"Karibu mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Bado, mama. Nimekuja kuuliza tu."

"Polisi wa huku wana adabu. Hata siku wakikufunga, wataanza na samahani." Alimimina chai ya tangawizi. Dirishani miwani ya Method ilikuwa imekunjwa juu ya kitambaa safi, kama inayomsubiri mwenyewe.

"Ulimwona Method akiupaka rangi ule ubao?"

"Aliumaliza."

"Sikuuliza hivyo, mama. Ulimwona?"

Dativa alikoroga chai ambayo ilikwishakorogwa.

"Kila nikiingia alikuwa anafunika kwa shuka. Alisema ni kazi ya siri, nitaiona ikiwa tayari. Mimi niko jikoni, namsikia."

"Ulisikia nini?"

"Penseli. Kwaru, kwaru, kwaru. Jioni nzima."

"Na brashi?"

"Brashi haina sauti, mwana..." Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. "Harufu," alisema taratibu. "Rangi yake ina harufu kali, nilikuwa nafungua madirisha hata wakati wa barafu. Vuli ile sikufungua."

Mwatumu aliliandika neno hilo kwenye daftari.

"Niliporudi kutoka Bukoba kumzika nilijifungia ndani," aliendelea Dativa. "Simu sipokei. Watu wetu, wale tunaokutana nao mtaa wa Rågsved, walikuja na vyakula, sikufungua mlango. Mwezi wa nane Rebecka akaja kukusanya kazi. Tukashuka stoo chini ya jengo, tukaukuta umeegemezwa ukutani, umejaa rangi. Nikasema, Mungu wangu, kumbe aliumaliza! Nikamshukuru kwa sauti pale pale. Rebecka aliniuliza kama ni kazi yake, nikasema ndiyo. Aliniuliza kama aliumaliza mwenyewe, nikasema ndiyo. Ningesema nini?"

"Nani alikuwa na ufunguo wa stoo?"

"Mimi nina mmoja. Wa pili alikuwa nao Filip, yule kijana aliyefundishwa na Method. Wa tatu Method alikwenda nao hospitali. Katika vitu walivyonirudishia haukuwemo."

"Kwenda Bukoba ulisafiri na nani?"

"Mimi na jeneza. Nauli ya watu wengi ingetoka wapi? Wenzetu walitusindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Arlanda, wakaimba pale pale mizigo inapopimwa, halafu wakarudi Rågsved kukaa matanga bila mimi." Alimtazama Mwatumu. "Kama sikusema kweli, sikujua. Lakini nilitia sahihi. Mahali pabaya pa kukosea, sivyo?"

"Ndiyo, mama. Mahali pabaya."

*

Filip alikuwa akifanya kazi katika karakana ya mabango huko Jordbro, kati ya maghala. Mama yake alikuwa Mkenya wa Nakuru, baba yake Mswidi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama. Mbele yake mashine ilikuwa ikikata herufi za plastiki za kubandika kwenye magari, na kwenye kompyuta Mwatumu aliona jambo lililomfanya avute kiti. Vichwa vipana, viuno vyembamba, miguu iliyokanyaga.

"Hizi ni herufi za Method."

"Aki Inspekta, usiniangalie hivyo. Alinipa. Ni fonti, yaani unabonyeza tu unaandika kwa mkono wake. Hata jina lake ndilo jina la fonti."

"Ubao umeonekana una rangi mpya. Wewe una mwandiko wake ndani ya mashine, na ulikuwa na ufunguo wa stoo yake."

"Ufunguo nilirudisha Novemba. Nikampa yeye mwenyewe." Filip aliandika I sita kwenye kompyuta. Zilisimama kwenye mstari, zikafanana kama vijiti vya kiberiti. "Ona. Kwa mashine I ni moja. Ukiandika sita, ni ile ile mara sita. Yeye alikuwa ananicheka sana. Alisema kila I ina majirani, lazima isimame ikijua imekaa na nani."

Mwatumu alilinganisha na picha zake. Kwenye ubao, kila I ilitofautiana kidogo na mwenzake kwa upana. Mashine haikuhusika. Aliweka mezani picha ya mishale.

Filip alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika.

"Hiyo ni ya siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ya nini?"

"Ya darasa lake la jioni. Kama hujawahi kushika brashi, anakuchorea herufi moja na mishale. Anza hapa, shuka, inua brashi, sasa namba mbili. Hata mtu ambaye hajui kabisa anatoka pale na herufi inayosimama. Ukishajua, hakuchorei tena. Mimi alininyima mishale haraka sana, nilikasirika."

"Angeweza kujichorea mwenyewe?"

"Yeye? Hiyo ni kama ujichoree ramani ya kwenda choo cha nyumbani kwako."

"Na kama angetaka wewe ummalizie?"

"Angenipa ubao na kuniambia nisiharibu. Bila mishale." Kijana aliinamia picha ya uzi wa njano, akatikisa kichwa. "Na mimi nguo nanunua. Sishoni."

Mwatumu alikusanya picha. Method alikuwa amechora kila herufi kwa ajili ya mtu asiyejua kazi. Mtu mmoja asiyejua kazi angeanza vibaya na kumaliza vizuri, kwa sababu mkono hujifunza njiani. Hapa hapakuwa na aliyejifunza. Kila herufi ilikuwa siku ya kwanza ya mtu.

Alilisoma tena neno la pili, na safari hii akalichukua kama ushahidi. Mlionisindikiza.

"Watu wa Rågsved hukutana lini?" aliuliza.

"Ijumaa. Mama Pélagie anapika. Ukienda, nenda na njaa."

*

Chumba cha mikutano kilikuwa chini ya ghorofa, karibu na kituo. Harufu ya samaki na kisamvu ilimpokea nje. Pélagie, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa na futi ya kupimia shingoni na mwiko mkononi.

"Entrez, entrez, ingia! Uko polisi ao uko mgeni?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi mgeni atakula, polisi atangoja."

Watu walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Walikuwa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, wameizunguka meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Mkuu wa meza alikuwa Protais, Mrundi mpole anayefanya kazi ghalani. Mwatumu alikula mpaka sahani ikaonekana chini, akashukuru, kisha akainua ncha ya kitambaa. Kwenye mbao za meza palikuwa na matone mekundu.

"Nyanya," alisema Protais.

"Nyanya haikauki hivi, mzee."

Aliweka picha ya uzi wa njano mezani. Pélagie aliitazama, akaishika futi yake kama mtu anayehakikisha bado iko shingoni.

"N ya kwanza ni yako, mama?"

"Miye sijui N, sijui Z."

"Mzee Protais?"

"Hatujui, Inspekta. Tunaomba utusamehe."

Mwatumu alisukuma sahani kando. "Basi niwaambie ninalolijua mimi. Dativa ametia sahihi kwamba Method aliumaliza ubao. Maabara wanasema haiwezekani. Jioni hii jina lake linakwenda kwa mwendesha mashtaka, kosa la udanganyifu, na kesho chumba cha Method hakifunguliwi. Sasa nyinyi mnanyamaza mkimlinda nani?"

Hakuna aliyetafuna.

"Dativa?" alisema Protais. "Yeye amefanya nini? Sisi tulisikia polisi wanamtafuta aliyepaka rangi. Tukaambiana, tukinyamaza itabaki kazi ya Method. Tukisema ni yetu, watamfutia jina."

"Kunyamaza kwenu ndiko kunakomfutia."

Protais alinawa mikono, akajifuta kidole kwa kidole.

"Aliniita hospitali," alisema. "Sauti imebaki ndogo. Akanipa ufunguo. Akaniambia, Protais, mwisho wa msiba mtu wa familia husimama akawashukuru waliokuja. Hapa familia yangu ni Dativa, na Dativa atakuwa Bukoba na jeneza. Nani atasimama Rågsved? Kuna ubao stoo, nimeshauchora. Siku ya kunizika, kila atakayefika mpe brashi apake herufi moja. Mimi nimeshapita hapo kwa penseli, nataka na yeye apite. Wasiojua nimewawekea mishale." Alikunja kitambaa cha kufutia mikono. "Rangi nilinunua mimi, asubuhi ile ile. Alisema iwe nyekundu. Kisha akasema, ile ya mwisho muachieni mke wangu."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Tulikwenda na masufuria, hakufungua," alisema Pélagie. "Mufiwa huwezi kumugongea mulango kwa nguvu. Tukarudisha ubao kule kwa stoo, tukasema siku atatoka tutamwonyesha. Hakutokaka. Halafu siku moja tunasikia uko kwa musée, watu watakuja kuuangalia!"

"Na nani alipaka K?" aliuliza Mwatumu. "Ile iliyochuruzika."

Vidole vyote vilimwelekea Protais.

"Ile K inalia mpaka leo," alisema Pélagie.

"Brashi ilikuwa na rangi nyingi."

"Brashi haikukuwa na kosa. Ni weye ulikuwa unalia, ukashindwa kuona mushale."

Hapo meza nzima ilicheka, na baadhi yao walijifuta macho. Lakini Mwatumu hakuwa mtu wa kufunga faili kwa masimulizi. Alitoa kwenye mkoba karatasi ngumu, brashi na kikopo cha rangi ya maji, akachora I moja kwenye kila karatasi, na mishale yake.

"Waliopaka I waje mmoja mmoja. Msitazamane."

Walikuja wanne, mmoja alikuwa kazini zamu ya jioni, mwingine amehamia Gothenburg. Msichana mmoja Mkenya alipaka kutoka chini kwenda juu bila kuupa mshale heshima yoyote. Mwenye duka la simu alipaka kwa kukatisha. Mwatumu aliweka kila karatasi kando ya picha yake. Zililingana. Aliporudisha macho, mkono wa Pélagie ulikuwa umeacha uzi wa bluu kwenye kitambaa cha meza.

"Mama, wewe hutembei bila kuacha alama."

"Ndio kazi, binti yangu. Sasa polisi naye anaweza kula."

Mwatumu alitoka nje, akampigia simu Rebecka. Alieleza kwa mpangilio: ufunguo, rangi, mishale, majaribio.

"Kwa hiyo si wa kughushi," alisema Rebecka.

"Umechorwa na Method na umepakwa alivyoagiza. Mjane hakujua. Ninakuandikia ripoti usiku huu, na bodi yako itakuwa nayo kabla hawajalala."

"Asante. Na katalogi yangu, na zile njia za roho..."

"Hiyo si kesi ya polisi."

*

Jumamosi asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, chumba cha Method kilijaa watu wenye makoti. Rebecka alikuwa amebandika maelezo mapya ukutani: Imechorwa na Method Kaijage. Imepakwa rangi na waliomsindikiza. Protais alikuwa amekuja na kopo la rangi lililobaki, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kama mchuzi wa safari.

Mwatumu alikuwa amemweleza Dativa yote usiku wa jana yake, mezani, mbele ya ile miwani. Dativa alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe mahali pamoja tu: ile ya mwisho muachieni mke wangu.

Sasa alisimama mbele ya A, brashi mkononi, rangi ikisubiri kudondoka.

"Naanzia wapi?"

"Fuata mushale, dada," alisema Pélagie. "Siye wote tulifuata."

"Si wote," alisema yule msichana Mkenya.

Dativa alianza kwenye namba moja. Alishuka, akainua brashi. Namba mbili, akashuka tena upande wa pili. Penseli ya mumewe ilizama chini ya wekundu kidogo kidogo. Kwenye mstari wa katikati brashi ilipitiliza, rangi ikavuka.

"Nimetoka nje."

"Hata mimi nilitoka," alisema Protais. "Njoo uione K yangu."

Walicheka, na Dativa akacheka nao. Ukumbini harufu kali ya rangi ilienea, na Rebecka, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kufungua dirisha.

Mwatumu alisogea na karatasi yake. "Mama, maelezo yako ya kwanza yanasema Method aliumaliza mwenyewe. Lazima niyasahihishe ndipo nifunge faili. Niandike nani aliumaliza?"

Dativa aliwatazama mmoja mmoja, wale waliogonga mlango wake na masufuria akakaa kimya ndani.

"Andika tumeumaliza sasa hivi."

Alitia sahihi, akaacha alama ya kidole chekundu pembeni. Kisha alimpa Protais brashi, akalivuta sweta likae vizuri, na akasimama mbele ya ubao akiwageukia, pale anaposimama mtu wa familia mwisho wa msiba. Watu walivua kofia.

"Nimechelewa," alisema. "Asanteni."